Kioo cha Mzee Nyoosha Shingo

Chwiriii. Ndivyo lilivyolia lile pazia. Pete za chuma zinateleza kwenye waya uliokazwa kutoka ukuta hadi ukuta, halafu zikifika mwisho zinagongana, tk tk tk, kama watu wanaobanana kwenye benchi. Juzi nilikuwa dukani najaribu gauni. Dada wa duka akanivutia pazia la kile chumba cha kujaribia, na sauti ile ikanikuta gauni limefika shingoni, mkono mmoja ndani, mmoja nje. Nikabaki hivyo hivyo. Dada akauliza kwa nje, "Limekubana?" Nikamwambia halijanibana. Kusema ukweli lilikuwa limenibana, lakini ishu haikuwa gauni.

Ishu ni kwamba duka lile liko pale pale ilipokuwaga studio ya Mzee Nyoosha Shingo.

Pale tulipaita Kona ya Mashine, kwa sababu ya mashine ya kusaga iliyokuwa ikiunguruma tangu asubuhi na kuwapaka watu wote wa jirani unga kwenye nyusi. Ni Chang'ombe ya ndani, nyuma ya magereji, lakini kwetu sie watoto palikuwa ndiyo mjini. Hata watu wazima walipaita hivyo. Mama alikuwa hatoki nyumbani kwenda Kona bila kubadili khanga, na ilikuwa ni kuvuka mtaro tu. Palikuwa na baraza refu la mafundi cherehani, mama yangu akiwemo, wamejipanga kama darasa na miguu yao yote inakanyaga. Palikuwa na kinyozi aliyechora vichwa ukutani, kila kichwa na mtindo wake, na vyote vilifanana na yeye mwenyewe. Palikuwa na duka la kanda, na mzee wa kahawa aliyegonganisha vikombe ili watu wajue kafika. Harufu ya Kona ilikuwa ni pumba, kahawa na mafuta ya cherehani. Hadi leo nikipita kwenye gereji nikanusa mafuta mepesi, namuona mama ameinama.

Sasa hivi pana ghorofa la vioo vya bluu. Chini kuna duka la nguo, duka la dawa, vibanda vya kutuma hela, na spika moja kubwa inayokaribisha wateja kwa maneno yale yale tangu asubuhi mpaka sauti ya mwenye kurekodi unaichukia kama ndugu yako. Msidhani napaponda. Pamependeza, pana taa, na mvua ikinyesha huvuki tena kwa kubebwa mgongoni. Mie nasuka nywele nyumbani kwetu, chini ya bati, na kila nikipita pale naangalia juu kwenye ile ghorofa ya kwanza, najiwekea saluni yangu, naweka viti, naweka feni, naandika jina langu kwenye kioo kwa rangi ya dhahabu. Halafu namuona mwenye saluni halisi anachungulia dirishani na kikombe chake, na moyo unaniuma.

Niwaambie mapema basi, msije mkanishangaa huko mbele: mie nilikuwa mtoto mwenye wivu. Wengine wivu wao unapita kama mafua. Wangu ulikuja na mkeka wake ukakaa.

Mzee Nyoosha Shingo alikuwa na jina lake la kweli, lakini sidhani kama kuna mtoto aliyelijua. Alikuwa mrefu, mweusi, miwani imefungwa kwa uzi, na maneno yake kwa kila aliyekaa mbele ya kamera yalikuwa hayo hayo: nyoosha shingo. Mtu mzima, mtoto, bwana harusi, wote. Ndani ya studio, nyuma ya lile pazia la pete, alikuwa na turubai zilizochorwa. Kulikuwa na maporomoko ya maji, kulikuwa na ndege, na kulikuwa na ile tuliyoipigania sote, Ulaya. Ulaya ilikuwa ni mji: barabara ya mawe, mnara wenye saa, basi jekundu la ghorofa, na maduka ambayo mbele yote ni vioo. Nahisi mchoraji hajawahi kufika huko, maana ile saa ilikuwa na mishale mitatu inayolingana, na mbele ya duka mojawapo alichora mama kajifunga khanga. Lakini ukisimama mbele yake ukapigwa picha, umefika.

Nje ya studio, ukutani, palikuwa na kabati la kioo. Humo ndimo Mzee alimoweka picha alizozipenda. Za harusi zilikuwa juu, za wazee katikati, na chini kabisa, usawa wa macho yetu, kulikuwa na nafasi moja ya mtoto. Kila Idd, watoto tukishamaliza kupita majumbani kuomba mkono wa Idd, tulikuwa tunakwenda studio na nguo mpya. Na kila Idd Mzee alichagua mtoto mmoja, akambandika pale mpaka Idd nyingine. Ukiwekwa, Kona nzima inakujua. Muuza kahawa anakuita kwa jina. Wanawake wakitoka mashineni na ndoo za unga kichwani wanageuza macho, maana shingo hawawezi, wanasema, huyo mtoto jamani.

Mimi niliitaka ile nafasi kuliko nilivyotaka kufaulu. Na kila Idd alikuwa Mwanaidi.

Mwanaidi alikaa na bibi yake, mama mzazi wa baba yake, nyumba ya nyuma ya mashine. Baba yake alikuwa dereva wa lori, haonekani. Mama yake hakuwepo, na ukiuliza unaambiwa kaolewa mbali, unaambiwa kwa namna ambayo huulizi tena. Bibi alikuwa na miguu inayovimba, hatoki, lakini sauti yake ilikuwa inatoka. Mwanaidi akichelewa kurudi madrasa dakika kidogo tu, unasikia anaitwa mpaka mashine inanyamaza.

Kwa kumwangalia hakuwa mzuri kunishinda. Nalisema hilo mpaka leo. Meno yake ya mbele yaliachana ungepitisha kidole. Lakini alikuwa na magauni. Na huku ndiko kulikoniumiza, maana magauni yenyewe alikuwa anashonewa na mama yangu.

Ile Idd ninayowasimulia, mama alimshonea gauni la njano lenye marinda mengi hata likiwekwa chini linasimama lenyewe. Kola yake ilikuwa na tepe nyeupe pembeni. Mie nilikuwa nakaa chini ya cherehani, kazi yangu kuokota pini, nikawa naliona linakua.

"Mama, mbona la Mwanaidi lina marinda mengi?"

"Kitambaa chake kilikuwa kingi."

"Kanunuliwa na nani?"

"Na aliyemnunulia. Okota pini."

Vipande vilivyobaki mama akanishonea mikono na kola, mwili wa gauni ukatoka kwenye shuka jeupe. Yaani nilivaa makombo ya Mwanaidi. Nilijiambia shingo yangu ni ndefu kuliko yake, na studio ni shingo.

Nilifanya mazoezi, msinicheke. Nilijiangalia kwenye sufuria, kwenye ndoo ya maji, kwenye kioo cha kinyozi mpaka akanifukuza. Siku ya Idd nikapanga foleni na wenzangu kwenye benchi nje ya pazia. Mwanaidi alikuwa mbele yangu, marinda yake yamechukua nafasi ya watu wawili, anatafuna kola yake kama alivyozoea, ile tepe nyeupe imeshalowa. Pazia likalia, akaingia. Likalia, akatoka. Likalia, zamu yangu.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba. Maporomoko, ndege?"

"Ulaya."

"Haya, kaa hapo Ulaya. Nyoosha shingo. Isiwe hivyo, wewe siyo twiga. Mbona umenuna kama umepewa chai ya chumvi?"

"Sijanuna. Mzee, hii utaiweka kwenye kioo?"

Alitoa kichwa nyuma ya kamera akaniangalia, kisha akachungulia nje dirishani, barazani, kule mama alikokuwa anamalizia kupiga pasi suruali ya mtu hata siku ya sikukuu.

"Wewe kioo utakifanyia nini? Mama yako huyo hapo. Anakuona bure."

Nikaona ni jibu la watu wazima, la kumkwepa mtoto. Mwanga ukanipiga machoni nikiwa bado nimemkasirikia.

Enzi zile picha haitoki hapo hapo. Unasubiri mkanda uishe, kisha Mzee aupeleke kusafishwa Kariakoo, kisha arudi. Nikasubiri. Kila nikitumwa chumvi napitia kwa kioo, kila nikitumwa mkaa napitia kwa kioo, nyumbani wakadhani nimekuwa mtoto wa kutumwa. Siku moja nikakuta kabati limefutwa kwa gazeti, linang'aa, na pale chini pana picha mpya. Gauni la njano, meno yameachana. Amekaa maporomoko, hata Ulaya hakutaka.

Ya kwangu Mzee alinipa mkononi, ndani ya bahasha. Nikaishika nikasimama mbele ya lile kabati, nikawa natafuta la kumlaumu yule mtoto wa ndani ya kioo.

Ndipo nikagundua siko peke yangu. Pembeni yangu alikuwa amesimama mama mmoja, baibui jeusi limefifia, kikapu mkononi, majani ya mchicha yamechungulia. Anaangalia picha ile ile. Ameweka kidole kwenye kioo, juu ya lile gauni, anakipeleka taratibu kama anayehesabu marinda. Nikasema moyoni, na huyu naye, kashapendezwa.

"Unamjua huyu?" akaniuliza bila kunitazama.

"Namjua. Anaringa."

Akageuka. Nilidhani atanigombeza. "Anaringa?" akasema, na uso wote ukamfunguka. "Anaringaje?"

Jamani, hakuna mtu mzima aliyewahi kuniuliza swali lile. Nikaweka bahasha kwapani nikatembea kama Mwanaidi, makalio nyuma, kidevu juu. Yule mama akacheka akaziba mdomo na ushungi. Basi nikafunguka. Nikamwambia Mwanaidi hesabu hajui, anahesabia vidole mpaka vya miguu. Nikamwambia anatafuna kola zote, mpaka mwalimu anamwita mbuzi. Nikamwambia akipewa ubwabwa na chapati anaacha chapati. Nikamwambia analala madrasa, mdomo wazi, na akiamka anabisha.

"Anabisha," akarudia polepole. "Na kikohozi? Anakohoa huyu?"

"Alikohoa kipindi cha mvua. Bibi yake alimpaka vitunguu, tukawa hatukai naye karibu."

"Sasa kashapona?"

"Kashapona, ndiyo anaringa."

Akanipa kashata iliyofungwa kwenye karatasi. Akaniuliza jina, nikasema Tatu, akasema anamjua mama yangu. Kabla hajaondoka akasema, "Siku za gulio huwa napita hapa, Tatu. Ukiwa na maneno mengine, nikute."

Nilirudi nyumbani nimepona kabisa. Nimepata mtu. Kona nzima inamsifu Mwanaidi, lakini mie nimempata mmoja wa upande wangu, na tena ana kashata.

Tangu hapo nikawa namfuatilia Mwanaidi kama polisi. Nikakaa naye dawati moja ili nimuone vizuri. Nikaenda kucheza rede kwao ili nione anavyoshindwa. Kakwaruzika goti, nimeliona. Kang'oka jino la pembeni, nimeuliza kalitupa wapi. Bibi yake kamchapa kwa kuvunja chupa ya chai, nimesimama ukutani nimesikia yote. Na siku za gulio nampelekea yule mama, na yeye anasikiliza ameinamisha kichwa, hapotezi neno. La kuchapwa halikumchekesha. Aliangalia kioo, akauliza alichapwa wapi, mkono gani. Akaniambia, "Siku ile mngempa maji anywe." Nikashangaa, maana nilikuwa nimempa. Nilimpa kwa sababu alikuwa analia mpaka kwikwi, na hata mwenye wivu ana masikio.

Mzee Nyoosha Shingo alikuwa anatuona kupitia dirisha lake. Hakuwahi kutusemesha. Lakini yeye ambaye aligombeza kila mtu aliyegusa lile kabati, vidole vyenu hivyo vya mandazi, alikuwa hafuti alama za yule mama mpaka awe ameshaondoka kabisa na kukata kona.

Idd iliyofuata gauni la Mwanaidi lilikuwa la samawati, na halikuwa na kola. Nililiona hilo. Mie ndiye niliyeokota pini. Nikaliona, na sikuliunganisha na chochote, nikabaki kununa kwamba marinda yameongezeka. Na picha ikawekwa yake tena.

Mambo yakaendelea hivyo mpaka simu zenye kamera zikaingia. Mzee akabaki na picha za pasipoti tu, kisha hizo nazo zikamkimbia, akafunga akahamia kwa mwanawe Chamazi. Baraza la mafundi likavunjwa barabara ilipopanuliwa, mama akahamishia cherehani nyumbani. Mashine ikanyamaza. Sie wenyewe tulikuwa tumekua, Mwanaidi ameshakuwa rafiki yangu wa kweli, maana huwezi kumchunguza mtu miaka yote ile ukabaki kumchukia. Na nafikiri hamtashangaa nikiwaambia kwamba siku ya harusi yake msusi nilikuwa mie.

Niliingia chumba cha bibi harusi na vitana vyangu, nikamkuta mama mmoja kakaa kitandani, amemshikilia Mwanaidi mkono kama anayeogopa atateleza. Kanenepa, ushungi wa dhahabu, lakini ule uso unavyofunguka niliujua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Tatu." Akanisogezea nafasi kitandani. "Njoo hapa, redio yangu."

Mwanaidi akauliza redio ya nini. Mama yake akamwambia, "Huyu ndiye aliyenitangazia meno yako." Akanigeukia mie. "Ulivyoniambia anatafuna kola, nikamwambia mama yako la mwaka huo lisiwe na kola kabisa. Alinihurumia, akataka kuweka ndogo. Nikamwambia hata ndogo atakula."

Tulicheka sote watatu, na mie nikawa nasuka sioni ninachosuka.

Mama ndiye aliyenimalizia baadaye, nyumbani, tukiwa tunavua viatu. Kwamba yule mama alipoachwa, bibi yake Mwanaidi aliapa asikanyage uani kwake, na akisikia kamsogelea mtoto popote, mtoto anapelekwa shamba Rufiji asionekane tena. Kwa hiyo hakumsogelea mpaka mtoto akakua. Kitambaa alimletea mama barazani kimeviringwa kwenye gazeti, bibi akaambiwa ni mabaki ya wateja. Mzee akampa kile kioo. Muuza kahawa alijua, kinyozi alijua, hata wale wanawake wa ndoo za unga. Bibi hatoki, na hakuna aliyempelekea habari. Kona nzima ilikuwa inajua, isipokuwa mie niliyekuwa naikodolea macho kila siku.

"Na mie mama," nikasema. "Yangu hakuiweka hata mara moja."

Mama akanitazama kama ninayezungumza Kichina. "Ya kwako angeiangalia nani? Ulikuwa chini ya cherehani yangu."

Ni kweli. Najua ni kweli, na nimelia kwa ajili yake. Lakini niwaambie ukweli wote: wivu haujaisha. Umehama tu. Siku hizi namuonea wivu mama yangu, kwamba alikuwa na mahali pa kukaa ambapo mtu anaweza kumletea gazeti lenye kitambaa ndani na asiulizwe. Naionea wivu Kona yenyewe, ile yenye unga kwenye nyusi. Tulikuwa tunaipa mgongo ili tupigwe picha na mji wa vioo wa kuchorwa. Sasa mji wa vioo umekuja, mkubwa kuliko ule wa turubai, na ukiweka kidole kwenye kioo chake mlinzi anakuja.

Basi juzi lile gauni nililivua, nikalirudisha, nikamshukuru dada, nikatoka. Picha yangu ya ile Idd huwa inakaa nyuma ya simu, ndani ya kava. Nikaitoa. Mlinzi alikuwa amejiinamia na simu yake, spika inakaribisha watu. Nikachuchumaa mbele ya kile kioo kikubwa cha bluu, nikatafuta usawa wa zamani, nikaichomeka kwenye mwanya wa mpira na alumini, uso nje. Kisha nikarudi nyuma, nikasimama pale alipokuwa anasimama mama yake Mwanaidi.

Mtoto amekaa Ulaya, gauni la shuka, kola ya njano ya mwenzake, amenuna. Shingo kainyoosha vizuri sana. Nikasogea, nikaweka kidole kwenye kioo, nikamwangalia mpaka nikaridhika.